Nyongeza Mbili kwa Jina la Mama Mdogo

3 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na baba mdogo hamjambo, na kwamba goti lake limeacha kumsumbua. Mimi mzima, ila kiti changu kipya kinaniumiza mgongo. Nimehamishiwa chumba cha pembeni, karibu na Meneja, na dirisha langu linatazama ukuta.

Nakuandikia kwa karatasi, nampa dereva wa gari la vifurushi akuletee mkononi. Barua pepe za ofisi siku hizi zina masikio.

Nimepewa kazi ya kupanga leseni za programu ya takwimu kwa mwaka ujao. Programu yenyewe kila mchambuzi anayo, hiyo haina maneno. Shida ni zile nyongeza zinazouzwa kila moja peke yake: ya utabiri, ya sampuli ngumu, ya kujaza mapengo ya data, ya majaribio ya sampuli ndogo, na nyingine ambazo hata majina yake yananichanganya. Kila nyongeza inalipiwa kwa jina la mtu. Matawi yote yanazo, na hakuna anayejua nani anazitumia na nani zimemlalia kwenye kompyuta kama paka.

Naomba uniandikie, wewe na mwenzako wa hapo, kila mmoja anahitaji zipi. Hizo tu. Meneja anataka taarifa kabla mwezi haujaisha.

Nina mengi ya kusema lakini dereva anapiga honi.

Mwanao

*

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti la baba yako mdogo linapona akiwa na mpira wa kutazama na linauma akitumwa dukani. Usilihofie.

Barua yako imenichekesha na imenifurahisha. Kumbe sasa wewe ndiye wa kutuuliza sisi! Nilikuwa nakukalisha mezani nikufundishe wastani na unalala juu ya daftari.

Basi sikiliza. Tawi letu lina wachambuzi wawili tu, mimi na Mpole. Mpole hujakutana naye. Jina hilo tulimpa kwa utani, maana akiongea na simu, jirani wa ghorofa ya chini anaitikia. Anafanya kazi ya kliniki: akina mama na watoto wachanga, uzito wao, mahudhurio yao. Data za kliniki zimejaa mapengo, mama amekuja mwezi huu, mwezi ujao hakuja, na Mpole anatumia nyongeza ya kujaza mapengo. Aliomba na ya sampuli ngumu.

Mimi? Andika sifuri. Nyongeza ya utabiri sijaifungua tangu mkataba wa hali ya hewa ulipokwisha. Majaribio ya sampuli ndogo naandika amri zake mwenyewe, kwa programu ya bure, na jibu ni lile lile. Kampuni imetulisha miaka yote hii, haipendezi kuibebesha mzigo usio na maana.

Lakini mbona barua yako imekaza shingo? Umeandika kama karani wa mahakama. Kuna nini huko?

Mama yako mdogo

*

13 Februari

Mama mdogo,

Hakuna kitu. Ni uchovu tu.

Nakuomba jambo moja: usiandike sifuri. Fikiri tena. Kuna kazi zinaweza kuja baadaye, na ukishafuta leseni kuirudisha ni shughuli. Taja hata mbili. Na huyo Mpole naye aombe zote anazohitaji, asipunguze. Mkarimu wakati mwingine hulala njaa.

Nakuomba kama mwanao, usiniulize kwa nini.

Mwanao

*

18 Februari

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili ikabidi nikae.

Unaniambia nitaje nisichokihitaji. Kwa maneno mengine, nidanganye. Na unaniambia nisiulize kwa nini, kwa hiyo nimejijibu mwenyewe: umepewa fungu la fedha, unataka litumike lote ili mwakani usipunguziwe. Michezo hiyo naijua, niliiona kabla hujazaliwa. Mama yako, Mungu amlaze pema, alikuacha mikononi mwangu ukiwa hujui kufunga kamba za viatu. Sikukulea uje kutia chumvi kwenye hesabu.

Kwa hasira hiyo hiyo nilimwendea Mpole. Nikamwambia, "Wewe, hii ya sampuli ngumu ya nini?" Akaanza kujitetea, na unajua anavyojitetea, jengo zima lilisikia. Nikamwambia, "Na hii ya mapengo, mbona mimi natumia za bure? Jifunze." Akasema, "Mama, hiyo ndiyo kazi yangu yenyewe." Nikamwambia mfanyakazi mzuri halaumu jembe. Kisha akachukua kalamu akazikata zote mbili mwenyewe, akasema, "Basi, Mama, nitajifunza. Nisije nikaonekana mbadhirifu."

Kwa hiyo andika hivi: tawi letu, watu wawili, nyongeza sifuri. Na uandike kwa kujidai, maana hakuna tawi lingine litakalokupa taarifa safi kama hii.

Baba yako mdogo anasema nimekuwa mkali mno. Ananisumbua niongeze neno la upendo mwishoni. Haya: nakupenda. Ndiyo maana.

Mama yako mdogo

*

2 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Taarifa nimeiwasilisha. Meneja ameisoma yote, akasema ni kazi nzuri, akanipa mkono.

Nimekutumia sweta kwa dereva. Huko kwenu nasikia baridi imeingia. Kama haikukai vizuri, usinirudishie, mpe mtu.

Mwambie Mpole namsalimu.

Mwanao

*

4 Aprili

Mwanangu,

Sina wa kumwambia haya ila wewe.

Mpole hayupo. Wiki iliyopita alikuja mgeni kutoka kwenu, kijana wa rasilimali watu, viatu vinang'aa. Alituita mmoja mmoja kwenye chumba cha mikutano. Mpole alitangulia. Nilisubiri kusikia sauti yake ukutani kama kawaida, sikusikia chochote. Alipotoka alikuwa ameshika bahasha kwa mikono miwili. Akakusanya vitu vyake: kikombe, chaja, na picha ya watoto wake. Alikuja mezani kwangu akasema, "Mama, kwaheri," kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Zamu yangu ilipofika, kijana akaniambia nafasi moja tu ya uchambuzi inabaki hapa. Nikauliza wamechagua vipi. Akasema, "Wasiohitaji nyongeza yoyote kazi yao si ya kitaalamu, inaweza kufanywa na yeyote kutoka makao makuu." Nikamwambia, "Basi mimi pia ni sifuri." Akatazama karatasi yake. "Hapana, Mama. Wewe una nyongeza mbili kwa jina lako. Utabiri na sampuli ndogo."

Nikabisha. Akanionyesha. Zipo kweli, zimepigwa chapa vizuri.

Mwanangu, kumbe kosa la karatasi limeniokoa mimi, na ulimi wangu umemmaliza Mpole. Yeye alikuwa na haki ya kutaja mbili. Mimi ndiye niliyemkalia kooni mpaka akazikata. Nilimwona akikata! Nilifurahi! Nilirudi nyumbani siku ile nikamsimulia baba yako mdogo kama mtu aliyeshinda kesi.

Ana watoto watatu. Mkewe anauza vitambaa sokoni. Nimefika kwao nikakuta mlango umefungwa, na nikaona aibu kubisha mara ya pili.

Fuatilia kosa hilo la jina langu. Mwambie Meneja lisahihishwe. Siwezi kukaa kwenye kiti kilichoshikiliwa na kosa.

Mama yako mdogo

*

9 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Ikiwa unasoma mbele ya baba mdogo, naomba usome kimya kwanza.

Si kosa la karatasi. Mimi ndiye niliyeandika nyongeza mbili kwa jina lako.

Siku aliponipa kazi hii, Meneja alifunga mlango. Akasema, "Asiyehitaji nyongeza tunaweza kuishi bila yeye. Nitafutie ni nani na nani. Lakini ukiwaambia sababu, kila mtu ataomba kila kitu. Kwa hiyo mdomo wako ufunge." Kisha akasema nikiifanya vizuri, chumba cha pembeni kitakuwa changu moja kwa moja. Nikasema sawa. Sikufikiri hata kidogo, Mama mdogo. Nilisema sawa kama mtu anayeombwa afunge dirisha.

Nilidhani utaomba nyingi kama matawi mengine. Uliponiandikia sifuri, nilijua jina lako liko hatarini. Nikajaribu kukudokeza, nawe ukanielewa vibaya, na haki yako, maana nilikupa nusu ya neno. Ningeweza kupanda basi nije nikwambie. Ningeweza kupiga simu. Nilijiambia nimeahidi. Sikuwa natunza ahadi, nilikuwa natunza chumba.

Jioni ya kuwasilisha, jina lako lilikuwa mbele yangu na sifuri yake. Nikaijaza. Jina la Mpole lilikuwa mstari wa chini yake. Nililiona. Nilijua ameomba mbili na kazi yake inazihitaji, uliniandikia mwenyewe. Nilisema moyoni: nikimwongezea na yeye, tawi lote litaonekana na mbili mbili, Meneja atashtuka, atauliza. Nikamwacha. Mama mdogo, mkono wangu ulikuwa tayari umeshazoea uongo, ungeweza kuandika mmoja zaidi. Nikachagua damu yangu, nikamwacha mtu ambaye sijawahi kumwona uso.

Usijilaumu wewe. Wewe ulimshikisha kalamu kwa kutojua. Mimi nilijua.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo

*

20 Mei

Mwanangu,

Bado nakuita hivyo. Nimekaa kimya kwa sababu kila nilichotaka kuandika kilikuwa kitu ambacho mtu akishakisema hakirudi mdomoni. Baba yako mdogo amekuwa akiiweka karatasi na kalamu mezani kila asubuhi, na kila asubuhi nimekuwa nikiisogeza nipate pa kuweka chai.

Leo naandika kwa sababu ya kazi.

Data za kliniki nimeletewa mimi, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Mteja anataka jibu moja: watoto wa makazi ya mlimani wanakua vizuri au la? Wakiwa wanakua vizuri, gari la manesi linalopanda huko litaondolewa lipelekwe kwingine. Nikaipa programu data, nikabonyeza. Haikulalamika. Ilinipa jibu safi: watoto wako vizuri, gari liondoke.

Nilikuwa karibu kutia saini. Kisha nikaona idadi ya watoto imepungua karibu nusu. Unajua programu ikiachwa yenyewe inafanya nini na mapengo? Mama akikosa kuja mara moja tu, inamtoa yeye na mtoto wake na kila kitu alichowahi kupimwa. Inawatupa nje, inawahesabu waliobaki. Na wanaokosa ni akina nani? Ni wale wasio na mtu wa kuwaachia watoto wengine, wale ambao mvua ikinyesha njia yao inakatika. Nimetoa jibu kuhusu watoto wa mlimani bila watoto wa mlimani.

Nikajaribu kwa programu yangu ya bure ninayojisifia nayo. Inajaza mapengo, ndiyo, lakini kwa kujaza tu. Ili ujaze vema lazima ujue kila pengo limetoka wapi. Mpole alikuwa anajua. Zile simu zake za kelele alizokuwa ananitia kichaa nazo, alikuwa anawapigia manesi: "Huyu hakuja kwa nini? Amehama? Anaumwa? Mto umejaa?" Mimi nilikuwa namwambia apunguze sauti.

Sitatia saini. Nimemwandikia mteja hivyo, na nimemwandikia Meneja kwamba zile nyongeza mbili si zangu na jina langu lifutwe. Sikusema nani aliziandika. Hiyo ni yako kusema.

Kuhusu msamaha. Mimi nitakusamehe, nimeshaanza, maana wewe ni damu yangu, na msamaha wa damu ni mwepesi, unakuja hata usipouita. Kwa hiyo usiuhesabu. Kautafute ule mzito.

Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi.

Mama yako mdogo

*

28 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimekwenda kwa Meneja.

Alikuwa na barua yako mkononi na ya mteja mezani. Akaniambia, "Mama yako mdogo amechanganyikiwa?" Nikamwambia, "Hapana. Niliongeza mimi, yeye aliandika sifuri."

"Kwa hiyo taarifa niliyoipeleka kwa wakurugenzi ni ya uongo?"

"Mstari mmoja ni wa uongo. Ule wa chini yake ni mbaya zaidi, kwa sababu unaonekana wa kweli."

Nikamweleza habari ya Mpole na ya mapengo. Nilimwambia hatukuuliza watu wanahitaji nini, tuliwatega. Nilitumia neno "tuli", na nikaona limemkera. Alisema nimemdhalilisha. Alisema pia, na hili nakiri lilinishangaza, kwamba hakulala vizuri tangu barua ya mteja ifike, maana mkewe alikuwa nesi.

Matokeo ni haya. Chumba nimenyang'anywa, niko stoo ya vifaa, nahesabu nyaya. Sikupewa bahasha, na sijui kama nishukuru. Nyongeza ya mapengo itanunuliwa, na Mpole ataitwa kwa mkataba wa kazi hii moja. Nilimwomba amrudishe kabisa. Akasema, "Tutaona," na unajua neno hilo linavyokuwa midomoni mwa wakubwa.

Kwa Mpole nilikwenda Jumapili. Nilibisha. Nilisikia watoto ndani, kisha wakanyamazishwa. Nikasimama mpaka jirani akaanza kunitazama, nikapitisha barua chini ya mlango, nikarudi kituoni. Sikupita kwenu. Nisamehe na hilo, sikuwa na uso.

Mwanao

*

2 Julai

Dada,

Salamu. Mimi ndiye Mpole. Nilikuwa nyuma ya mlango siku ile. Mke wangu alisema, "Fungua, mtu amesafiri." Nikamwambia na mimi nimesafiri, kutoka kwenye kazi hadi hapa. Barua yako niliiacha pale chini hadi mtoto alipoanza kuichorea.

Kwanza nikupe ya kazi. Tumemaliza. Niliwapigia manesi wote, sauti imekauka. Wale watoto waliokuwa wametupwa, tulipowarudisha mahali pao, jibu liligeuka. Wengi ni wepesi kuliko inavyotakiwa, na wale wa njia ya mto ndio wepesi zaidi. Gari la manesi linabaki. Mama Takwimu, ndivyo tunavyomwita mama yako mdogo, alitia saini mbele yangu, kisha akaenda chooni akakaa huko muda mrefu, akarudi akisema vumbi limemwingia machoni. Ofisi ile haina vumbi.

Aliniomba radhi. Nilimwambia kalamu niliishika mimi. Ni kweli, dada. Ningeweza kukataa. Nilitaka anione mzuri. Mtu mzima na watoto watatu, nikauza kazi yangu kwa sifa ya mama mmoja.

Sasa ya kwako. Umeniomba msamaha, na nilikuwa nimekuandalia jibu fupi. Lilikuwa na maneno mawili na lisingekupendeza. Nikueleze kwa nini sikulituma.

Jumatatu Meneja alipiga simu. Alisema nafasi ya tawi bado ni moja, na Mama Takwimu sasa ana sifuri kwa jina lake, kwa kuomba mwenyewe. Akaniuliza, "Wewe umefanya naye kazi. Niambie kweli, anahitajika?"

Dada, mimi ni mtu wa kelele, jibu langu huwa linatoka kabla swali halijaisha. Siku ile sikujibu. Nilitazama nje ya dirisha. Mke wangu alikuwa anakunja vitambaa ambavyo havikununuliwa. Nilijua kwamba nikisema "sijui" tu, sikuambii hata "hapana", kiti ni changu. Hakuna ambaye angejua. Mama mwenyewe angenipongeza.

Kisha nikasema anahitajika. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida mpaka Meneja akaniambia nisimpasue sikio. Nilimwambia ni yeye aliyeona watoto wamepotea kwenye hesabu, na mtu wa makao makuu angetia saini akaenda kula. Wametuacha wote wawili hadi mwisho wa mwaka, halafu wataangalia upya. Jana nimerudisha kikombe changu mezani. Mama Takwimu amenipigia makofi, kisha akaniambia nipunguze sauti.

Kwa hiyo mambo yameisha vizuri, na watu wananipongeza kwa kumtetea. Hawajui kulikuwa na kimya kabla ya jibu. Nimejaribu kumweleza mke wangu, akasema, "Lakini si ulisema ndiyo?" Ndiyo, nilisema. Ila nilikuwa humo ndani ya kimya kile, dada, na nilikuta kuna nafasi ya kutosha mtu kukaa. Nadhani wewe ulikaa humo humo, ukakaa sana.

Siwezi kusema nimekusamehe. Nikisema leo nitakuwa nasema ili na mimi nijisikie vizuri. Lakini ukija tena, bisha. Mke wangu ameshasema atakayefungua ni mimi.

Mpole